Je, Wajua? Theluji na Sisi wa Chaani

Kipupwe kimetufikia Chaani. Majaketi yametolewa sandukuni, mama wa mahamri hataki kuondoka kwenye karai lake, na kipimajoto hata hakijashuka chini ya nyuzi 20. Sasa mfikirie mtu anayelipa mamilioni akalale kwenye bonde la theluji huko Uswisi au Austria. Wapo, tena wanapanga foleni.

Je, wajua kuwa shale, ile nyumba ya mbao wanayolala matajiri hao, asili yake ni kibanda cha mchunga ng'ombe? Wafugaji wa milima ya Alps walipandisha mifugo juu wakati wa kiangazi, wakalala humo na kutengeneza jibini humo humo. Baridi ikija walishuka, kibanda kikabaki kitupu. Leo kina sauna, beseni la maji moto barazani na mpishi wake. Ni kama kuchukua zizi la mbuzi la Mariakani ukalitia marumaru.

Wajua kwa nini theluji juu ya paa la shale haifagiliwi yote? Imejaa hewa, na hewa hiyo hulizuia joto la ndani lisitoke, kama blanketi. Makuti yetu huzuia joto lisiingie. Mabati yangu mimi huzuia mvua tu, na si yote.

Zamani wageni waliikimbia milima ya Alps msimu wa baridi. Inasimuliwa kuwa mwaka 1864 mwenye hoteli wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwekeana dau na wageni wake Waingereza: rudini msimu wa baridi, msipoliona jua nauli ni juu yangu. Wakarudi, wakaliona jua, wakakaa miezi.

Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote ya Alps, una mita 4,800 na kidogo. Mlima Kenya una 5,199, Kilimanjaro 5,895. Basi.

Hii nayo ni ya jirani kabisa. Panda matatu ya Mazeras pale Changamwe, ushuke uulize njia ya Rabai. Hapo ndipo alipokuwa akiishi mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, na ndipo alipoanzia safari ya mwaka 1848 iliyomfikisha, tarehe 11 Mei, mahali alipoona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, kile ni nini. Jibu lilikuwa neno moja: baridi. Mimi naona Bwana Kheri alijibu vizuri kuliko mabingwa wa jiografia wa London, waliokataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Rebmann alisimuliwa pia habari za mfalme wa Machame aliyetuma watu wakachote weupe ule wa mlimani, akidhani ni fedha. Fedha yenyewe ikageuka maji.

Na kuteleza kwa ski Kilimanjaro? Kulishafanyika. Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo mwaka 1912.

Wajua Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi? Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret, ambaye theluji yenyewe aliijua Finland mwaka 1996. Nagano, mwaka 1998, kilomita 10 za ski, alimaliza wa 92, yaani wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakwenda kwanza kuchukua medali. Alimngoja mstarini mpaka afike, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akamwita Dæhlie. Jina la Kinorwe, ukoo wa Kikalenjin.

Mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye michezo hiyo ni wa Pwani: Sabrina Wanjiku Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyepelekwa Austria akiwa mdogo na kuteremka milima kwa bendera yetu Pyeongchang mwaka 2018. Wangapi Kilifi wanamjua?

Asiye na nauli ya Ulaya lakini yuko Dubai, kama nusu ya vijana wa mtaa huu, ana mlima ndani ya duka. Tangu 2005 pale Mall of the Emirates pana theluji halisi, mteremko mrefu zaidi ukiwa mita 400, pengwini wakitembea, na hoteli pembeni yenye vyumba vya mtindo wa shale ambavyo madirisha yake yanatazama theluji. Nje nyuzi zinapita 40.

Jirani yangu aliyefanya kazi huko aliingia mara moja, siku ya mapumziko. Simuulizi tena habari za theluji, maana hana nyingi. Anachosimulia ni kutoka: mlango ukafunguka, miwani ikajaa ukungu, akasimama pale kipofu, jaketi la kuazima mkononi, joto likimpiga usoni kama la Kilindini saa nane mchana.