Daktari wa Wanyamapori Huanzia Zizini

Misigiri, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba mkoani Singida, uko pale ambapo barabara ya kwenda Kiomboi inaachana na barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega, na kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya nyanda za kati za Tanzania, maisha ya wakazi wake yamefungamana na mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku wa kienyeji ambao wameijengea Singida jina, na mbwa wanaolinda mazizi usiku. Kijana wa huko anayetamani kuwa daktari wa wanyamapori, yaani mtaalamu wa tiba ya wanyama ambaye wagonjwa wake ni tembo, simba, faru na viumbe wengine wa porini, huweza kudhani kwamba taaluma hiyo iko mbali naye kwa sababu hakukulia jirani na Serengeti wala Ruaha. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa historia ya taaluma yenyewe katika Afrika Mashariki inaonyesha kwamba baadhi ya mambo makubwa kabisa yaliyofanywa na matabibu wa mifugo kwa ajili ya wanyamapori yalifanyika kwenye mazizi ya ng'ombe na kwenye nyua za watu wenye mbwa, wala si katikati ya mbuga.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sotoka, ugonjwa wa virusi uliowashambulia wanyama wenye kwato zilizogawanyika, ambao uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na katika muongo uliofuata ukasambaa kuelekea kusini, ukiwafukarisha Wamaasai na jamii nyingine za wafugaji na kuangamiza nyati na nyumbu kwa pamoja na ng'ombe. Baada ya wimbi hilo la kwanza ugonjwa haukutoweka, bali ulibaki ukivizia makundi, hasa kwa kuwaua nyumbu wachanga pindi kinga waliyoipata katika maziwa ya mama zao ilipokwisha. Kampeni za kuchanja ng'ombe waliozunguka Serengeti zilipozidi kuimarika katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sotoka ilitoweka kwa nyumbu, na idadi yao, iliyokuwa takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikapanda hadi zaidi ya milioni 1.3 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe, na hilo lilitosha, kwa sababu ng'ombe ndio waliokuwa wakiutunza ugonjwa na kuupeleka mbugani. Chanjo bora zaidi ya sotoka, iliyooteshwa katika chembehai ndani ya maabara, ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru dhidi ya sotoka, ugonjwa wa pili kutokomezwa kabisa baada ya ndui ya binadamu.

Kisa cha pili kina utata zaidi, na pengine kwa sababu hiyo kina mafunzo mengi zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakipata degedege na kufa, na uchunguzi ulioongozwa na Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari mkuu wa wanyama wa Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), ukagundua kwamba chanzo kilikuwa distempa ya mbwa, ugonjwa wa virusi ambao hadi wakati huo wengi waliamini hauwasumbui wanyama wa jamii ya paka. Inakadiriwa kuwa simba wapatao 1,000, ambao ni theluthi moja ya simba wote wa mfumo ule wa ikolojia, walikufa. Mbwa wa vijijini walihusishwa na mlipuko huo, na kwa miaka mingi iliyofuata timu za chanjo zilizunguka katika vijiji vinavyopakana na hifadhi zikiwachanja mbwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Hata hivyo tafiti za baadaye ziliongeza mambo mawili ambayo hayakutarajiwa. La kwanza ni kwamba ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati na kuwajaza kupe, simba wakawala nyati hao kwa wingi na kupata vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe, na ni muungano wa vimelea hivyo na virusi uliosababisha vifo vingi kiasi kile. La pili ni kwamba chanjo ilipunguza distempa kwa mbwa bila kuikomesha kwa simba, jambo linaloashiria kuwa virusi vilikwishapata njia nyingine ya kuzunguka miongoni mwa wanyama wa porini wenyewe. Mtaalamu anayesoma habari hii hujifunza kwamba ugonjwa mmoja huweza kuwa na ukame, kupe, nyati na mbwa ndani yake, na kwamba atakayetafuta kimelea peke yake ataona sehemu ndogo tu ya jambo.

Picha iliyozoeleka ya kazi hii, yaani daktari juu ya helikopta akimlenga faru kwa bunduki ya dawa ya usingizi, si ya uongo, ila ni sehemu ya kazi inayochukua muda mfupi na kubeba hatari kubwa. Ufundi huo ulikomazwa kwa kiasi kikubwa Afrika Mashariki na Kusini kuanzia miaka ya 1950, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Toni Harthoorn, tabibu wa wanyama aliyefanya kazi Kenya na ambaye maisha yake yalichochea mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Daktari, uliorushwa kati ya mwaka 1966 na 1969. Dawa aliyoshiriki kuiingiza katika matumizi, etofini, ina nguvu kupita mofini kwa zaidi ya mara 1,000, hivyo kiasi kidogo sana humlaza tembo, na tone linaloingia katika jeraha la daktari mwenyewe linaweza kumuua. Ndiyo maana timu haiendi kazini bila dawa ya kuibatilisha na mtu anayejua kuitumia haraka. Mnyama akishaanguka ndipo kazi halisi huanza. Tembo asiachwe alale kifudifudi, kwa kuwa uzito wake huyabana mapafu. Nyati na twiga, ambao ni wacheuaji, huweza kujaa gesi tumboni au kupaliwa na chakula kinachorudi kooni. Na mnyama aliyefukuzwa kwa muda mrefu kwenye joto huweza kufa siku kadhaa baadaye kwa sababu misuli yake imeharibika kwa uchovu, hali ambayo kuizuia ni rahisi kuliko kuitibu.

Uhamishaji wa wanyama ndio unaodai umakini mkubwa zaidi, nao una kumbukumbu chungu. Mwaka 2018 faru weusi 11 walihamishiwa katika Hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya na wote wakafa, kumi kati yao kwa madhara yaliyotokana na maji yenye chumvi nyingi waliyokunywa katika makazi mapya, na mmoja baada ya kushambuliwa na simba. Upimaji wa maji si jambo la kusisimua kama helikopta, lakini kwa faru wale ulikuwa na uzito kuliko ustadi wowote wa kulenga.

Kwa upande wa masomo, njia ya Tanzania inaeleweka vizuri. Mwanafunzi huhitaji msingi imara wa biolojia na kemia katika sekondari, kisha kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wa sayansi, hasa ule wa fizikia, kemia na biolojia, kabla ya kujiunga na shahada ya tiba ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambako shahada hiyo huchukua miaka mitano. Mhitimu hapaswi kufanya kazi hiyo mpaka asajiliwe na Baraza la Veterinari Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, ambayo pia inawatambua wataalamu wasaidizi wenye stashahada na astashahada, wanaofunzwa katika kampasi za Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA) kama vile Tengeru, Mpwapwa na Mabuki. Wengi huchanganya njia hii na ile ya Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichoko Mweka, Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1963. Chuo hicho huandaa wasimamizi na walinzi wa hifadhi, si matabibu, na anayetaka kushika sindano hana budi kupitia shahada ya tiba ya wanyama kwanza. Utaalamu wa wanyamapori wenyewe hupatikana baadaye, kwa shahada ya uzamili na kwa kufanya kazi chini ya wazoefu.

Waajiri wakuu ni TANAPA, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) yenye makao yake Arusha. Nafasi zao za udaktari ni chache mno zikilinganishwa na idadi ya wanaozitamani, na ni haki mwombaji alijue hilo kabla ya kuanza miaka mitano ya Morogoro, sawa na anavyopaswa kujua kwamba watumishi wa mashirika ya uhifadhi hupitia mafunzo ya jeshi usu. Matokeo yake ni kwamba wahitimu wengi huanza kama maafisa mifugo wa halmashauri. Kuona kuanza huko kama kushindwa ni kosa, kwa sababu ndiko wanakojifunza kutambua kimeta katika mzoga kabla ya kuupasua, kupima ugonjwa wa kutupa mimba, kuchukua sampuli zisizoharibika njiani, na kuzungumza na mfugaji asiyemwamini mtumishi wa serikali, stadi ambazo wanyamapori watazihitaji siku moja.

Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda aliingia kwenye taaluma kwa njia iliyo fupi zaidi, lakini naye alihitimisha kwamba tiba ya wanyamapori huanzia nje ya mbuga. Baada ya kusomea tiba ya wanyama London, mwaka 1996 akawa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi ya nchi yake, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kushughulikia upele uliowapata gorila wa milimani wa msitu wa Bwindi. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa watu waliokuwa wakiishi pembezoni mwa msitu katika umaskini na huduma duni za afya. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya Conservation Through Public Health, ambayo huwahudumia watu na gorila kwa pamoja, kwa hoja kwamba afya ya watu, mifugo na wanyamapori haiwezi kutenganishwa. Mtazamo huo, ambao kwa Kiswahili umekwishazoeleka kwa jina la Afya Moja, ndio pia uliouongoza mradi wa HALI, ulioanzishwa mwaka 2006 na SUA pamoja na Chuo Kikuu cha California cha Davis ili kuchunguza magonjwa yanayopita kati ya mifugo, wanyamapori na watu katika eneo la Ruaha.

Ruaha si mbali na Singida kama ramani ya watalii inavyoweza kumfanya mtu aamini. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, yaliyo kusini mwa mkoa huu upande wa Manyoni na Itigi, yanaungana na hifadhi hiyo kuunda mfumo mmoja wa ikolojia, ambamo pia kuna ugonjwa wa ngozi wa twiga unaojitokeza kwa vidonda vikavu miguuni, uliogunduliwa Ruaha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambao bado unatafitiwa. Daktari aliyezaliwa Iramba, ambaye anajua lugha na desturi za wafugaji wa mkoa wake, ana faida ambayo hakuna mgeni anayeweza kuisomea.

Na hata kabla ya kufika huko, kazi ipo. Kichaa cha mbwa huua watu, mifugo na mbwa mwitu, na wataalamu wanakubaliana kwamba ili kukikatiza katika eneo fulani inatakiwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote, kisha kurudia kila mwaka, kwa sababu mbwa wa vijijini huishi miaka michache na watoto wao wanaozaliwa baada ya zoezi hawana kinga. Kujua mbwa wa kata moja ni wangapi, ni wa nani, wamechanjwa lini, na ni nani asiyeleta mbwa wake kwa sababu kamba imekatika au kituo cha chanjo kiko mbali, ni utafiti wa kweli unaoweza kuanza Misigiri kwa daftari na kalamu, na takwimu za namna hiyo ndizo afisa mifugo anazozihitaji anapoagiza chanjo na kupanga vituo vya mwaka unaofuata.