Nani Anaogesha Watoto Wewe Ukiandika Riwaya?

Kazi hii ya uhariri ina mambo yake. Niende harusini, niende saluni, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, mtu akishajua nahariri jarida ananivuta pembeni: "Dada, mimi nina riwaya kichwani, sema tu sijapata muda wa kuiandika." Nami nacheka naye, simwambii kwamba na mimi ninayo. Kurasa 40, zimelala kwenye droo tangu nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la pili.

Basi mwezi uliopita nikakisoma upya kitabu cha Stephen King kiitwacho On Writing, kilichotoka mwaka 2000. Unamfahamu hata kama hujamsoma: yule Mmarekani wa hadithi za kutisha. Kama hupendi mambo ya mizimu usigeuze ukurasa, maana kilichonikamata humo ni ndoa yake.

Yeye na Tabitha walikutana Chuo Kikuu cha Maine, wakaoana mwaka 1971, mifuko mitupu. Baadaye mume akapata kazi ya kufundisha Kiingereza sekondari kwa dola 6,400 kwa mwaka. Tabitha miaka ile aliwahi kuuza Dunkin' Donuts. Watoto wawili wadogo, na makazi yenyewe ni ile nyumba ya kukokotwa na gari, ambayo watu hununua wakishindwa nyumba ya kweli. Simu waliikatisha ili kupunguza gharama. Chumba cha kuandikia? Thubutu! Alijibana kwenye kichumba cha kufulia, taipureta ya mkewe juu ya kimeza cha mtoto alichokipakata mapajani. Na hapo katoka shule kachoka, madaftari ya kusahihisha yanamsubiri. Walimu mnaosoma hapa mnayajua hayo.

Humo ndimo alimoanzia hadithi ya msichana anayeonewa na wenzake shuleni. Akaandika kurasa tatu, akaona hamna kitu. Mambo ya wasichana yeye anayajulia wapi? Akazitupa. Kesho yake anarudi kutoka kazini, anamkuta mkewe anazo. Kaziokota kwenye taka, kazikung'uta majivu ya sigara, kazisoma, na anataka kujua kinachofuata. Hayo ya wasichana, akamwambia, atamsaidia.

Ndiyo Carrie hiyo, iliyochapishwa mwaka 1974. Malipo ya awali yalikuwa dola 2,500, kisha haki za toleo la jalada jepesi zikauzwa dola 400,000, nusu yake ya mwandishi. Habari zilipomfikia, Tabitha hakuwepo nyumbani. Jamaa akatoka mbio kumtafutia zawadi, akarudi na mashine ya kukaushia nywele. Wanaume, jamani! Mama wa watu alipoambiwa, akaitazama ile nyumba yao ya kupanga, ya vyumba vinne, akaanza kulia.

Ushauri wake kuhusu kazi yenyewe hauna uchawi. Anayeanza aandike maneno 1,000 kwa siku, apumzike siku moja kwa wiki. Rasimu ya kwanza iandikwe mlango umefungwa, asionyeshwe mtu. Ukimaliza, iache angalau wiki sita ndipo uirudie, na uipunguze asilimia 10. Hilo la kupunguza naliunga mkono kwa mikono miwili. Makala nyingine ninazoletewa ofisini ningepunguza hata nusu. Na alipokuwa kijana, barua za kukataliwa alizitundika kwenye msumari ukutani. Msumari ulipozidiwa akaweka mkubwa zaidi, akaendelea kuandika.

Ila huo mlango! Wengi wetu tuna vyumba viwili na sebule, humo humo watoto, dada wa kazi na shemeji aliyekuja mjini kutafuta ajira. Kwa hali hiyo mlango ni mtu, yule anayebaki upande wa pili akiwazuia watoto wasikuite. Na hapo ndipo kitabu kiliponichoma. Tabitha naye alikuwa mwandishi. Taipureta ilikuwa yake! Riwaya yake ya kwanza, Small World, ilitoka mwaka 1981, miaka saba baada ya Carrie, na wakati huo watoto wameshakuwa watatu. Sisemi kwamba alinyimwa nafasi. Nahesabu tu miaka.

Usiku niliomaliza kitabu nikamsimulia mume wangu yote, nikamwambia nataka kurudia zile kurasa zangu. Nilitegemea anitie moyo. Akapunguza sauti ya mpira, akakaa kimya, kisha akasema, "Na CPA yangu je?"

Nikaishiwa maneno. Mitihani yake ya uhasibu aliiacha katikati mwaka ule ule nilioacha kuandika, na miaka yote hii mimi nilikuwa najihesabu peke yangu kuwa ndiye niliyejitoa mhanga.

Tuligombana, nisikufiche. Halafu tukaishusha kalenda ya ukutani. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili usiku, meza ya chakula ni yangu. Kuogesha watoto na kuwasimamia kazi za shule ni juu yake. Jumatatu na Jumatano tunabadilishana. Televisheni imehamia chumbani kwetu, na shemeji hajanisamehe mpaka leo.

Maneno 1,000 sijayafikia hata siku moja. Nikijitahidi sana ni 400, na kuna Alhamisi nililala juu ya daftari. Mume wangu anaomba kusoma, namkatalia: rasimu ya kwanza, mlango umefungwa. Nimefika ukurasa wa 61. Mtihani wake ni Novemba, kwa hiyo Alhamisi zote za Oktoba nimemwachia meza.