Fedha ya Umma ni Amana

Katika zama zetu hizi yamezuka tena mabishano makubwa juu ya fedha ya serikali: ni kiasi gani serikali yaruhusika kutwaa katika mali ya raia, na ni katika mambo gani yaruhusika kuitumia. Vijana wetu wayasikia mabishano hayo vyuoni na barazani, na baadhi yao wamevutwa na rai za watu wa Ulaya na Marekani waitwao Walibertari. Jambo hili lagusa bei ya unga na ada ya mtoto, basi halifai kuachiwa wanasiasa peke yao. Yatupasa sisi Waislamu tuyapime maneno hayo kwa mizani ya dini yetu, tukubali lililo kweli na tukatae lililo batili.

WASEMAVYO WALIBERTARI

Asili ya maneno yao ni hii: mtu ndiye mwenye nafsi yake na mali aliyoichuma kwa jasho lake, na serikali haina kazi ila kulinda roho za watu, mali zao na mapatano yao. Lizidilo hapo, wasema, ni dhuluma hata kama imepigiwa kura.

Katika watu wanaowategemea ni Mfaransa Frédéric Bastiat, aliyekufa mwaka wa 1850. Yeye alitoa mfano wa kioo cha dirisha kilichovunjwa. Watu husema: hii si hasara tupu, kwani fundi wa vioo amepata kazi. Bastiat akajibu kuwa kazi ya fundi yaonekana, lakini viatu ambavyo mwenye nyumba angalivinunua kwa fedha ile havionekani, wala hasara ya mshona viatu haionekani. Vivyo hivyo serikali ijengapo jumba la fahari: jumba watu huliona, lakini duka lililokosa kufunguliwa kwa sababu ya kodi ile hakuna alionaye.

Baadaye wakaja Friedrich Hayek, mzaliwa wa Vienna, na Milton Friedman wa Marekani. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, wa kwanza mwaka wa 1974 na wa pili mwaka wa 1976. Hayek alionya kuwa serikali ishikayo mipango yote ya uchumi mwishowe hushika na uhuru wa watu. Na ni insafu kusema kuwa hata hawa wawili hawakukataa fukara asaidiwe kwa fedha ya serikali. Wanaokataa kabisa ni wenzao waliopita mpaka.

JARIBIO LA ARGENTINA

Desemba 2023 alishika urais wa Argentina mtu ajiitaye Mlibertari, Javier Milei, ambaye katika kampeni zake alikuwa akibeba msumeno wa mashine kuonyesha jinsi atakavyokata matumizi. Alipoingia tu alizipunguza wizara kutoka 18 hadi 9. Katika mwaka wa 2023 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa asilimia 211. Mwaka wa 2024 zikapanda kwa asilimia 118, na hesabu ya serikali ikabaki na ziada. Lakini katika miezi sita ya mwanzo ya mwaka huo idadi ya maskini ilipanda ikafika asilimia 52.9 ya watu, kisha katika miezi sita iliyofuata ikashuka hadi asilimia 38.1.

Hapa pana mafunzo mawili, na asiyeyataja yote mawili hakufanya uadilifu. La kwanza ni kuwa serikali itumiayo kuliko pato lake, ikaziba pengo kwa kuchapa noti, yamtoza maskini kodi ya siri, maana shilingi iliyo mkononi mwake hupungua thamani bila ya yeye kuulizwa. La pili ni kuwa msumeno haubagui: mstaafu na mjane huumia mwanzo, na nafuu huja nyuma.

IBN KHALDUN ALISEMA NINI

Si lazima twende mbali kutafuta elimu hii. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332, ameeleza katika Mukadima yake kuwa dola ichangapo huchukua kodi ndogo ikapata pato kubwa, na ikizeeka hutoza kodi kubwa ikapata pato dogo. Sababu yake ni kuwa watu wakiona matunda ya kazi yao yachukuliwa, hulegea. Mashamba huachwa na masoko hufa. Maneno hayo aliyataja Rais Ronald Reagan wa Marekani mwaka wa 1981 alipokuwa akitetea kupunguza kodi, na wapinga kodi wayapenda mno.

Lakini wengi wao husoma nusu na kuacha nusu. Kwani Ibn Khaldun huyo huyo amesema kuwa dola ndilo soko lililo kubwa kuliko yote, na mtawala azuiapo fedha asiitumie, biashara huanguka na pato lake mwenyewe hupungua. Basi kwake kosa liko pande mbili: kutwaa kwa pupa, na kufungia kilichotwaliwa. Fedha ya umma yapasa izunguke baina ya mtawala na raia kama maji ya mfereji.

HUKUMU YA DINI YETU

Walibertari wamepata kweli waliposema kuwa mali ya mtu ina heshima yake. Kurani yakataza kuliana mali kwa batili katika Sura ya Nisaa, na yakemea ufujaji katika Sura ya Israa. Lakini wamekosa waliposema kuwa kila kinachotwaliwa na serikali ni wizi. Mali ni ya Mwenyezi Mungu, sisi ni wadhaminiwa tu. Na Zaka si hisani ya tajiri bali ni haki ya mstahiki, na mafungu yake manane yametajwa wazi katika Sura ya Tawba, aya ya 60.

Mtawala naye si mwenye mali. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimshukie, alijifananisha katika mali ya Waislamu na mlezi wa yatima: akiwa na chake, hagusi, akihitaji, hula kwa wema. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alipomwona mkusanyaji Zaka ametenga sehemu akadai kuwa hiyo ni zawadi yake, alisimama juu ya mimbari akauliza: lau angalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingalimfikia? Kila mwenye cheo na ajiulize suali hilo.

Na je, serikali yaweza kutoza zaidi ya Zaka panapokuwa na dharura? Mwaka wa 1259 Watatari walipoikabili Misri, Amiri Qutuz alitaka fedha za watu kwa ajili ya vita. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam aliruhusu, lakini kwa sharti: kwanza Baitul-mali iwe tupu, na maamiri wauze mikanda yao ya dhahabu na mapambo yao, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, walingane na raia. Mwaka uliofuata Waislamu walishinda Ain Jalut.

Fatwa hii yatupa kipimo hata leo. Mwaka wa 2024 nchini Kenya, Mswada wa Fedha ulipendekeza kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Kodi ya mkate iliondolewa kabla ya kura, lakini hasira haikutulia. Juni 25 Bunge liliupitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, na vijana wakauawa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia saini. Julai 5 ndipo alipotangaza kupunguza washauri wa serikali kwa nusu, kuvunja mashirika 47 ya umma, na kufuta mafungu ya ofisi za wake wa viongozi. Atazame msomaji mpango wa mambo: mkate wa raia uliguswa mwanzo, na mikanda ya dhahabu ikafuata nyuma. Lau mpango ungaligeuzwa, huenda damu isingalimwagika.

YATUPASAYO

Kijana Mwislamu asiwe mtumwa wa madhehebu yoyote ya kigeni, wala asikae kimya. Katiba ya Kenya ya 2010 yataka uwazi na ushiriki wa raia katika fedha ya umma; na Tanzania, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwekwa mbele ya Bunge kila mwaka. Zisomwe ripoti hizi barazani, tuulize kwa adabu na kwa hoja.

Na mlango wa kwanza ni nyumbani. Mzazi akopaye kwa ajili ya fahari ya harusi, na mweka hazina wa msikiti asiyetoa hesabu, hawana uso wa kumlaumu waziri. Mtoto aliyelelewa akajua kuwa senti ya chuo si yake, huyo ndiye atakayeilinda hazina ya nchi kesho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu khofu ya hesabu ya Kiyama, na atupe sisi ujasiri wa kuwakumbusha. Amin.