Mtoto hana nguvu ya mkono? Padi ya gemu yaweza kubadilishwa

Mpwa wangu ana miaka 14, na mkono wake wa kushoto hauna nguvu tangu azaliwe. Vidole havikunjiki. Jioni wenzake wakienda kibandani kucheza gemu ya mpira, yeye huenda nao, hulipia zamu yake kisha humpa mwenziwe acheze. "Mimi natazama tu, mjomba," aliniambia.

Watu wazima wengi tunaiona gemu kuwa upuuzi, na mimi ni mmoja wao. Lakini kwa watoto hawa ndiyo baraza yao. Asiyecheza hana la kuzungumza na wenziwe.

Nikaanza kuuliza. Kumbe mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa padi ya kuchezwa kwa kidevu na pumzi, kwa wasioweza kutumia mikono. Mwaka 2018 Microsoft wakatoa Xbox Adaptive Controller, yenye vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomeka vitufe vingine vya nje. Bei yake Marekani ilikuwa dola 99.99, kabla ya usafiri na ushuru. Hapo nikaona si yetu.

Fundi wa simu wa mtaani ndiye aliyenifumbua macho. Alifungua padi ya bei rahisi ya kompyuta, ya waya wa USB, akanionyesha. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye doa jeusi la kaboni. Kwenye bodi kuna njia mbili za shaba zisizogusana. Ukibonyeza, lile doa huziunganisha, na kompyuta hujua kitufe kimebonyezwa. Basi. Haijali ni kidole, kiwiko au mguu uliofanya kazi hiyo.

Kwa hivyo ukilehemu waya mbili kwenye njia hizo mbili, waweza kukihamishia kitufe popote. Tulinunua swichi tatu za kengele ya mlango. Ni lazima iwe ya kengele, inayorudi ukiiachilia. Ya taa hubaki imebonyezwa. Mbili tulizifunga kwenye ubao sakafuni, za pasi na shuti. Ya tatu ikakaa mezani chini ya kiwiko cha kushoto, ya kukimbia. Mkono wa kulia ukabaki na kazi moja, kumwelekeza mchezaji. Vyote, pamoja na ujira wa fundi, havikufika shilingi 2,000.

Mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, risasi ya kulehemu haishiki kwenye kaboni. Kwangua polepole mpaka shaba ing'ae. Pili, kabla ya kulehemu, gusisha zile njia mbili kwa kipande cha waya uone kama kompyuta inaitika. Tatu, piga fundo la waya ndani ya padi na uweke gundi ya moto. Sisi hatukufanya hivyo, na wiki ya pili mtoto mmoja akajikwaa, waya ukang'oka na kipande cha bodi. Tukanunua padi nyingine. Nne, swichi hizo ziunganishwe na padi tu, zisikaribie kabisa umeme wa ukutani. Na padi zisizo na waya zina betri ndani, mwachie fundi.

Si kila gemu itachezeka. Zile zinazotaka vijiti viwili kwa pamoja bado zinamshinda. Na padi hii haiingii kwenye mashine za kibandani, inatumika kwenye kompyuta yetu kuukuu. Kwa hivyo sasa wenzake ndio wanaokuja kwetu baada ya Magharibi, na dada yangu analalamika kelele na sukari ya chai.

Mafundi wa simu tunao kila kichochoro, na kazi hii hawahitaji kufundishwa upya. Kama nyumbani kwako kuna mtoto anayetazama tu, nenda naye kwa fundi, mkae pamoja, mumuulize mtoto mwenyewe ni kiungo gani anachoweza kukitumia bila kuchoka. Sisi tulianza kwa kupanga bila kumuuliza, tukaweka kitufe cha kwanza mahali asipopafikia.