Punje za Mchele Ndani ya Kidari cha Bata Mwitu

Katika madimbwi na vinamasi vya Kanada na Marekani, wawindaji wa ndege wa majini huzijua vyema nyama ambazo kwa nje hazina kasoro yoyote, lakini ngozi ya kidari inapochunwa huonekana vitu vyembamba vya rangi ya malai vimetapakaa katika msuli mwekundu uliokolea, vyenye upana wa milimita chache na urefu unaoweza kufikia takriban sentimita moja, vimelala kwa kufuata nyuzi za nyama kana kwamba kuna mtu aliyechomeka mchele humo kwa ustadi. Kisu kikipita, wakati mwingine husikika mkwaruzo kama wa changarawe, kwa kuwa baadhi ya vitu hivyo huwa vimekwisha kujaa chokaa na kuwa vigumu. Wengi hushtuka na kuitupa nyama yote, na ingawa mshtuko huo unaeleweka, sababu yake haistahili hofu kubwa inayouandama.

Punje hizo ni vifuko, yaani makazi yanayojengwa ndani ya msuli na kimelea kiitwacho Sarcocystis rileyi, ambacho mwanazuolojia wa Marekani Charles Wardell Stiles alikieleza kisayansi mwaka 1893. Kimelea hicho si mnyoo wala yai la mnyoo, bali ni kiumbe cha seli moja kilicho katika kundi moja na vimelea vya malaria, na kama vilivyo vimelea vya malaria, ambavyo haviwezi kukamilisha maisha yao bila mbu na binadamu, nacho huhitaji wanyama wawili: mmoja wa kuliwa na mwingine wa kumla. Katika Amerika ya Kaskazini anayekula ni mnyama mdogo anayefanana na kicheche, mwenye mistari myeupe mgongoni na anayejulikana kwa majimaji yenye harufu kali anayowarushia maadui. Huko Ulaya kazi hiyo hufanywa na mbweha mwekundu. Mnyama huyo anapokula mzoga wa bata aliyeambukizwa, vimelea huzaliana katika utumbo wake, kisha hutoka na kinyesi vikiwa ndani ya maganda madogo mno ambayo mvua huyasomba hadi kwenye maji ya kina kifupi, mahali ambapo bata huchovya vichwa na kuchuja matope wakitafuta chakula.

Bata akimeza maganda hayo, vimelea huachiliwa tumboni mwake, huingia katika damu, huongezeka kwanza ndani ya kuta za mishipa, na hatimaye hutua katika misuli na kuanza kujenga vifuko, ambavyo kila kimoja huweza kubeba vijidudu vingi mno vyenye umbo la ndizi. Ujenzi huo huchukua miezi kadhaa hadi kifuko kionekane kwa macho, na hiyo ndiyo sababu punje hupatikana zaidi kwa bata waliokomaa na ni nadra kuonekana kwa makinda ya mwaka huo. Wanaoathirika zaidi ni bata wanaokula juu juu ya maji, wakiwemo yule mwenye kichwa cha kijani, yule mwenye mkia uliochongoka na yule mwenye domo lililotanuka nchani. Bata wa aina hizi mbili za mwisho huzaliana Ulaya na Asia pia, na wengine huja kupisha majira ya baridi katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya na Ethiopia. Ndege mwenyewe kwa kawaida huishi bila dalili, ila anapokuwa na vifuko vingi kupita kiasi huweza kudhoofika na kupoteza nguvu za misuli.

Kwa mlaji, jibu ni kwamba nyama hiyo ikiiva haina madhara. Binadamu hayumo katika mzunguko wa kimelea hiki, na joto la mapishi hukiua. Hata hivyo, kauli hiyo isihamishiwe kwenye kila nyama yenye punje. Kimelea hiki kina jamaa zake wanaoishi katika nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, nao humwambukiza mtu anayeila ikiwa mbichi. Katika Afrika ya Mashariki kuna jambo zito zaidi: nguruwe anayekula kinyesi cha binadamu huweza kuwa na viluwiluwi vya tegu katika misuli yake, navyo pia hufananishwa na punje, ingawa ukivitazama kwa karibu ni vijifuko vyenye maji angavu na doa jeupe ndani. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakiingia kinywani mwa mtu yeyote huweza kuzaa vifuko ndani ya ubongo na kusababisha kifafa. Mwenye kuona punje katika nyama ya nguruwe, basi, asijifariji kwa habari za bata.

Kinachopaswa kumhangaisha mlaji wa bata mwitu ni yale yasiyoonekana. Kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii, kinachoenezwa kwa kinyesi cha paka, huweza kukaa katika nyama ya ndege bila alama yoyote, nacho ni hatari hasa kwa mama mjamzito, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Bakteria wa salmonela nao hawana rangi wala harufu ya kuwafichua. Virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1, ambavyo mwaka 1997 viliwaambukiza watu 18 huko Hong Kong na kuwaua 6, vinaweza kubebwa na bata mwitu anayeonekana mzima kabisa, na hapo hatari huanza mapema, wakati wa kunyonyoa manyoya na kutoa matumbo, kabla chungu hakijainjikwa. Hawa wote hushindwa na joto, na mamlaka za chakula za Marekani hutaka nyama ya ndege ifikie nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya mnofu. Kwa hiyo desturi ya migahawa ya Ulaya ya kuandaa kidari cha bata kikiwa bado chekundu ndani haifai kwa bata wa porini.

Risasi peke yake haisikii moto. Chembe za madini hayo, zinazotoka katika marisau ya bunduki, husambaa ndani ya nyama mbali na tundu la jeraha, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo katika ardhioevu mwaka 2023, lakini kwingineko bado yanatumika, na ni vyema mpishi akate na kutupa sehemu pana ya nyama inayozunguka jeraha.

Nyama ambayo vifuko vimeijaza hata ikamkinai mlaji si ya kuachwa kando ya bwawa, kwa kuwa mnyama atakayeiokota usiku ndiye atakayerudisha vimelea majini. Ifukiwe chini kabisa au ichomwe moto, na kisu, ubao na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine jikoni.