Maradhi ya Akili na Aibu Isiyostahili: Kisa cha Kasekera

Mwezi Agosti 1873 Wazungu watatu waliingia Kwihara, karibu na Tabora, kwa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Walitumwa kumsaidia Dk. David Livingstone, wasijue kuwa alikwisha kufariki. Kiongozi wao alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, na tabibu wao William Edward Dillon. Homa iliwaangusha mara kwa mara, hata Cameron na Dillon wakapungukiwa na nuru ya macho. Mwili wa Livingstone ulipofikishwa na akina Susi na Chuma, Dillon aliamua kufuatana nao kurudi pwani kwa sababu ya afya yake. Hakufika mbali. Mwezi Novemba, huko Kasekera, akiwa anaweweseka kwa homa, alijiua.

Cameron alipoandika habari za safari yake hakumwita rafiki yake mwoga wala mtu wa laana. Aliutaja ugonjwa.

Sayansi ya leo inaeleza vema jinsi homa inavyoweza kuvuruga akili. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo, damu ikapita kwa shida, na mgonjwa akapayuka, akatukutika au akapoteza fahamu. (Dillon, ikumbukwe, alijua dalili za homa kuliko wenzake wote, na ujuzi huo haukumkinga.) Huko pwani watu wengi waliamini kuwa degedege ya watoto huletwa na shetani mwenye umbo la ndege. Mzazi aliyekwisha kuona vimelea vya malaria kwa darubini ya zahanati hupata shida kuendelea kumlaumu ndege.

Ugumu uko kwa maradhi yasiyoonekana kwa darubini. Sonona ni mojawapo. Mgonjwa hukaa majuma mawili au zaidi katika huzuni nzito, hapendezwi tena na jambo lolote, usingizi na hamu ya chakula vinabadilika, naye hujiona hana thamani. Fikira za kutaka kufa ni dalili ya maradhi hayo, kama joto la mwili lilivyo dalili ya malaria. Yanatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na kwa dawa kama amitriptilini. Hata hivyo mgonjwa huyu huambiwa kuwa amerogwa, ni mvivu, au imani yake ni haba. Huruma aliyopewa Dillon hunyimwa mtoto wa jirani.

Aibu hiyo ina majina yake. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927; mgonjwa aliyetoka Tabora aliifikia kwa Reli ya Kati, ambayo kwa sehemu kubwa inaifuata njia ile ile ya misafara. Alirudi amepona, lakini jina la hospitali lilikwisha kugeuzwa tusi, nalo lingali likisikika katika viwanja vya shule. Sheria nayo imechangia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Waingereza wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kama hicho ni kinyume cha Katiba. Jamaa wanaoogopa polisi hawatampeleka mgonjwa hospitali upesi.

Walimu wengi huogopa kumwuliza mwanafunzi aliyenyong'onyea kama anafikiria kujiua, wakidhani kuwa swali litampandikizia wazo hilo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi anayeulizwa kwa upole huona amepata pa kutulia mzigo. Baada ya swali hilo asiachwe peke yake. Dawa za wadudu, ambazo katika mkoa huu wa tumbaku huwekwa hata ndani ya nyumba, zifungiwe kwa kufuli, na mwanafunzi asindikizwe hospitali siku ile ile, kama ambavyo angesindikizwa mwenye homa kali.