Twiga yuko angani, nauli nayo iko juu

Novemba 2012 kampuni ya ndege ya Fastjet ilipoanza safari zake Dar es Salaam kwa Airbus A319, tiketi ya kwenda Mwanza au Kilimanjaro ilianzia Sh32,000 kabla ya kodi na tozo. Viti vya bei hiyo vilikuwa vichache, vilitaka kukatwa mapema, na mwenye begi kubwa aliongeza pesa. Hata hivyo, watu waliozoea kukesha ndani ya basi la Mwanza walianza kupiga hesabu upya, na Precision Air ikajikuta inapambania abiria iliokuwa imezoea kuwapata bila jasho. Hakuna waraka wa serikali ulioagiza nauli ishuke. Ilitosha kuja mshindani.

Miaka sita baadaye upepo ulikuwa umegeuka. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iliipa Fastjet notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, kampuni ikiwa imeelemewa na madeni. Mwezi huohuo Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), ya serikali na yenye nembo ya twiga, ilipokea Airbus A220 yake ya kwanza, baada ya Bombardier Q400 zilizoanza kuja 2016 na Boeing 787 iliyotua Julai 2018. Sisemi serikali ndiyo iliyoiua Fastjet. Kampuni mama ilikuwa ikipata hasara kila ilikogusa. Ninachosema ni kwamba ilipoondoka hakukuwa na mpango wa kumpata mshindani mwingine. Kulikuwa na mpango wa kununua ndege.

Sera yetu ya anga tangu 2016 imekuwa sera ya ununuzi. Ndege zinanunuliwa na serikali, zinawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA), kisha ATCL inazikodi. Wizara inayosimamia ATCL ndiyo hiyohiyo inayosimamia TCAA, mgawaji wa leseni na vibali. Mwekezaji binafsi akiitazama picha hiyo anajiuliza swali moja tu: nikigombana na ATCL, nitamlalamikia nani?

Na mwenye mali mwenyewe hafaidiki. Kwa mujibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), hasara ya ATCL ilipanda kutoka Sh35.2 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh56.6 bilioni 2022/23. Sehemu ya mzigo huo haikuwa kosa lake: injini za Pratt & Whitney za A220 zilisumbua mashirika mengi duniani, na ndege zikalala chini huku gharama zikikimbia. Pia ATCL inakwenda Mpanda na Songea, ambako abiria ni wachache na kampuni binafsi hazikimbilii.

Hapo ndipo sera ingeweza kufanya kazi ya maana. Kama taifa linataka ndege Mpanda, na ni haki litake, basi litangaze zabuni: nani atakwenda mara kadhaa kwa wiki kwa ruzuku ndogo kuliko wengine? Precision aombe, ATCL aombe, na yeyote mwenye leseni. Fedha ya ruzuku ionekane kwenye bajeti ya ruti hiyo, isifichwe ndani ya hasara ya jumla. Ndege za TGFA nazo zikodishwe kwa masharti yanayojulikana, kwa yeyote mwenye uwezo wa kuzirusha na kuzilipia.

Nje ya mipaka hali ni ileile. Januari 2024 Kenya iliinyima ATCL kibali cha ndege ya mizigo kubeba kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. TCAA ikajibu kwa kutangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar. Mgogoro ukazimwa haraka na mawaziri wa mambo ya nje. Lakini abiria aliyekwisha kukata tiketi alijifunza kuwa safari yake inategemea hasira za ofisi mbili. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikadiria kuwa kufungua anga kungeshusha nauli za kikanda kwa takriban asilimia 9 na kuongeza safari kwa asilimia 41. Soko moja la anga la Umoja wa Afrika lilipozinduliwa Januari 2018, Kenya na Rwanda zilikuwamo kati ya nchi 23 za mwanzo. Tanzania haikuwamo.

Kuhusu usalama, nitasema kwa kifupi. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyafungia anga lake mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, ukitaja udhaifu wa usimamizi wa usalama. Aliyenyooshewa kidole hapo ni msimamizi, si rubani. TCAA inahitaji wakaguzi wa kutosha na uhuru wa kuibana ATCL bila kupigiwa simu na mtu yeyote.

Bunge linayo nafasi ya kuanza mara moja: kabla ya kupitisha fedha ya ndege nyingine, lidai hesabu ya kila ruti ya ATCL, mapato na hasara, na liitangaze hadharani.